Mwiko Juu ya Sufuria

Katika kichochoro kile, muuza chakula akitaka kwenda kusali au kujisaidia, hulaza mwiko juu ya sufuria. Maana yake: jirani, nikorogee. Watu walitoka pande zote za dunia, kila mmoja na lugha ya mama yake, lakini mwiko hauhitaji mkalimani.

Mzee Supu peke yake hakuulaza. Tangu amzike mkewe, supu yake haikuguswa na mkono mwingine.

Ndipo wakubwa wa jiji, watu ambao hata chai huchemshiwa, wakatoa amri: sufuria isiyo na mwenyewe inabebwa. Hazikupita siku nyingi, wakamwita Mzee Supu ofisini, eti kuhusu kibali.

"Wanakuita huku, wanakuvizia kule," alinguruma. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama, hawa hata upole hawana."

"Laza mwiko, shemeji," akasema Mama Maharage wa meza ya pili. "Au unaogopa nitaitongoza supu yako?"

Muuza mkate akacheka mpaka unga ukamruka. Mzee Supu akaulaza mwiko taratibu, kama anayelaza mtoto mgonjwa, akaenda.

Ofisini alikalishwa mpaka benchi likamchoka, kisha akaambiwa bwana mkubwa ametoka. Akarudi amefura. Akakuta askari wawili wa jiji wameshika masikio ya sufuria yake.

"Mwenyewe nani?"

"Mimi," akasema Mama Maharage.

"Mimi," akasema muuza mkate.

"Mimi!" akapaza sauti muuza samaki, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, ila neno hilo alilijua sawasawa.

"Sufuria moja, wenyewe watatu?"

"Wanne," akasema Mzee Supu akipenya katikati yao. "Onja kwanza, afande, ujue unabeba nini."

Njaa haina cheo. Askari mkubwa akapiga funda, macho yakamtoka. Kumbe kila jirani, zamu yake ya kukoroga ilipofika, alidhani mwenzake kasahau chumvi.

"Hii supu au bahari?"

"Bebeni!" akasema Mzee Supu. "Wapelekeeni wakubwa wenu, na waimalize!"

Askari wakatazamana. Wakaitua sufuria, wakaondoka haraka kutafuta maji.

"Manahodha wengi, shemeji..." akaanza Mama Maharage kwa haya.

"Nyamaza, lete maji tuizimue." Mzee Supu akaonja, akakunja uso, halafu kicheko kikamponyoka, kicheko ambacho kichochoro kilikuwa kimekisahau. Akaulaza mwiko tena juu ya sufuria, akaenda kunyoosha mgongo.

Hatua chache, akageuka.

"Ila chumvi aiguse mmoja tu!"