Kifungo cha Sikioni

Mjukuu ndiye aliyekiona kwanza. Alisema Dhamana ameshonwa kifungo, na kweli, kwenye sikio la kushoto la mbwa yule mchanga palikuwa na kitu cha mviringo, chekundu, kisicho na manyoya, mfano wa kifungo cha koti kilichokosa tundu lake.

Babu aliinama akakitazama. Alikuwa askari jela miaka thelathini na mmoja, na neno kifungo halikumjia kama linavyomjia fundi cherehani. Mbwa mwenyewe alizaliwa gerezani, nyuma ya jiko la wafungwa. Siku ya kustaafu Babu alimtoa getini ndani ya kofia yake, akampa jina la Dhamana. Sasa mbwa alilala miguuni pa mtoto, na mtoto alishinda magotini pa Babu. Ukimwona mmoja, umewaona watatu.

Daktari wa mifugo, binti mpole mwenye miwani iliyozoea kuteleza puani, aliuchoma uvimbe kwa sindano nyembamba, akapaka alichokipata juu ya kioo, akasema majibu ni baada ya siku mbili. Siku ya majibu Babu alikwenda peke yake, akasimama wima mbele ya meza ya bati kama anayesubiri kukaguliwa.

"Asili yake ni seli, mzee," daktari alisema.

Babu aliitikia kwa kichwa. "Kwa hiyo umetoka huko."

"Hukohuko kwenye seli," alijibu daktari, akishukuru moyoni kumpata mzee mwelewa.

Akaendelea kueleza kwamba hakuna haja ya hofu, lakini masikio ya Babu yalikuwa yamekwisha kufunga mlango.

Jioni alimfunga mbwa nyuma ya stoo. Akachora mstari mchangani kwa fimbo, akamkataza mtoto kuuvuka. Kisha, kwa mshangao wa mkewe, akajiweka na yeye upande wa mbwa: kigoda chake, sahani yake, kikombe chake. Mikono aliinawa kwa sabuni hadi ikakunjamana. Ikiwa mbwa aliyekaa kule miezi miwili ametoka na uvimbe, je, yeye aliyeivuta hewa ile miaka yote? Alikusudia Jumamosi ampeleke Dhamana machimbo ya mawe, kwa mwenzake wa zamani aliyekuwa akilinda huko. Kuhusu nafsi yake hakuwa na la kukusudia. Siku ya kwanza mtoto alilia. Siku ya tatu hakulia tena. Alisimama tu mstarini, mikono nyuma, na kimya hicho ndicho kilichomkata Babu maini.

Bibi alivumilia mpaka siku ya nne. Akavuta mkeka mpaka kwenye kigoda.

"Kitendawili."

"Tega," Babu alijibu bila moyo.

"Lango li wazi, mfungwa hatoki."

Babu akainamisha kichwa. Akamwambia ameshindwa, achukue mji wowote autakao.

"Mji wako nitaupeleka wapi, baba watoto? Nataka jibu."

Basi likamtoka, nusu nusu: seli, ngozi, mtoto. Bibi hakucheka. Alikuja kucheka wiki nyingi baadaye, peke yake jikoni. Siku ile alijifunga leso, akamshika mumewe mkono, akamrudisha kwa daktari.

Daktari aliposikia alivua miwani, akaomba radhi, akamketisha mbele ya hadubini. Babu akaona viduara vyeupe vyenye kiini cheusi, vimesongamana kama ushanga uliomwagika. Hizo ndizo seli, daktari alimweleza. Vijumba vidogo mno ambavyo kila mwili umejengwa navyo, wa mbwa na wa daktari. Na hizi za kwenye uvimbe zina kazi yake. Ni walinzi. Hukaa ngozini, zikitazama kila kinachotaka kuingia. Kwa mbwa wachanga mara nyingine huongezeka tu, hakuna adui, zikajazana mahali pamoja. Haziambukizi mtu, wala hazitoki gerezani.

"Wamekosa nini?" Babu aliuliza.

"Hawakukosa kitu, mzee. Wamezidisha ulinzi."

"Na nani huwaondoa?"

"Wenzao wa kwenye damu. Wiki chache tu, wanakuja, uvimbe unanywea wenyewe. Mara nyingi hata hatukati."

Babu hakuinua jicho. "Wakishaondolewa, wanakwenda wapi?"

Daktari alimtazama Bibi, kisha akayatafuta maneno polepole. "Hawaendi mbali. Mwili wenyewe huwapokea."

Walifika nyumbani adhuhuri. Kifungo kilikuwa palepale, pengine kimezidi wekundu. Babu akafungua kamba, na Dhamana akauruka mstari bila hata kuutazama. Mtoto alibaki amesimama, vidole vya miguu ukingoni, akingoja.

Babu alifungua kinywa amwite. Maneno yote yaliyomjia yalikuwa ya amri: simama, rudi, hesabu. Akayaacha. Akaketi chini, magoti yakilia, akainyoosha miguu polepole kuvuka mchanga uliochorwa, mpaka nyayo zake zikagusa vidole vya mtoto.

"Babu, una miguu ya baridi," mtoto alisema, na yake hakuiondoa.