Nafasi ya Makamba

Raihana alipomaliza masomo ya uuguzi, vita vikiwa vimepamba moto, mama yake, Sijaona, alipika pilau akaita majirani wa Buyenzi. Pilau likaliwa, kungoja kukaanza. Kila kliniki ya Bujumbura, hadi zile za Kinindo, mtaa wa wenye nazo, ilimjibu kwa adabu ileile: wauguzi wametosha, labda aje kujitolea kwanza. Joëlla, aliyesoma naye darasa moja, alikubali kujitolea. Raihana alikataa.

Kazi yenye mshahara ilikuwapo mkoani Makamba, kwenye kituo cha afya ambacho wauguzi wake walikuwa wamekimbia risasi. Hakuna aliyeitaka ila Raihana.

"Apana," alisema kaka yake, Shakuru, dereva wa lori aliyezoea kupita njia ya huko katika msafara unaolindwa na askari. "Mi naijua ile njia. Kule mutu analala na viatu."

"We si unaenda kila mara?"

"Mi ni kazi."

"Na mi natafuta nini, kaka?"

Mama yao aliinuka akaenda jikoni, wakamsikia akivuta kamasi. Hata hivyo ni yeye aliyemfungia Raihana mizigo, na lori la Shakuru ndilo lililompeleka.

Alirudi likizo mara ya kwanza mvua zilipoanza, amekonda, maneno yamempungua. Joëlla alikuja kumwona. Bado alikuwa anajitolea, bado anaambiwa avumilie.

"Kule nafasi ingali iko?" Joëlla aliuliza.

Raihana alitamani sana mwenzake wa kazi. Kituoni walikuwa yeye na mkunga mmoja tu, na wagonjwa walianza kupanga foleni jua halijachomoza. Walimwita dokta, naye alikuwa amezoea kuitika. Angeweza kusema hayo tu, na Joëlla angefunga virago.

"Nafasi iko," alisema. "Lakini kaa kwanza, nikwambie yote."

Akamweleza juu ya mchana ule risasi zilipokaribia, walivyokimbilia shamba la kahawa na wagonjwa, na mama aliyetoka kujifungua akavuja damu mikononi mwa Raihana, mpaka akakata roho. Mtoto alipona. Joëlla alisikiliza, mkono mdomoni.

"Nitafikiri, dada," alisema.

Siku ya safari ya kurudi Makamba Joëlla hakuonekana. Raihana hakumlaumu, angekuwa na haki gani? Kilichomuuma ni kuwaza wauguzi wawili wa mjini wakigombea kumfunga bendeji mgonjwa mmoja, na ile foleni ya Makamba.

Shakuru alipiga honi.

"Mwenzako haji?"

"Haji." Alipanda, akafunga mlango wa lori kwa nguvu. "Tupitie sokoni kwanza, kaka. Nataka sabuni ya kituo."