Redio Alipozima Sauti

Kiwandani walimwita Redio, wala hakukasirika. Alizungumza tangu anavaa aproni mpaka anaivua: habari za jirani aliyepaka nyumba rangi ya machungwa, habari za mumewe anayekoroma hadi paka anahama chumba, na akikosa habari ya leo aliipasha moto ya juzi na kuitia chumvi. Kazi yake ilikuwa kugongea vifuniko kwenye makopo ya rangi ya mafuta. Wenzake walisema bila yeye saa hazisogei.

Feni kubwa ya kutolea hewa, juu ya mapipa ya kuchanganyia, ilikuwa imekufa zamani. Meneja alisema spea imeagizwa, na kila ukimuuliza, spea iko njiani. Harufu ya tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, ilijaa ukumbini mpaka macho yakawasha na vichwa vikagonga. Mpakizi mmoja mwenye misuli, waliyemwita Winchi, aliandika kwenye kundi la simu la wafanyakazi: "Tunakufa humu, na bosi anajua." Mtu akayapiga picha maneno yale akampelekea meneja. Kesho yake Winchi alizuiwa getini.

Baada ya hapo kila mtu akafyata mkia. Hata Mama Kijacho, aliyesimama jirani na Redio na mimba yake ikiwa kubwa, alikuwa akijifunga leso puani na kunyamaza. Siku moja asubuhi alishika ukingo wa meza, akasema, "Dada, naona giza," akaanguka. Redio alimdaka mabega. Walipompeleka uani akapata hewa na kufumbua macho, msimamizi aliwaambia warudi kazini, mwenzao hakunywa chai tu.

Redio alirudi kwenye makopo yake. Hakusema neno hadi kengele ya kutoka.

Jumapili mchana alikwenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa na duka la kutengeneza kompyuta. Duka lilikuwa limefungwa. Wifi alikuwa ndani na bisibisi mdomoni, kompyuta ya mtu iko wazi mbele yake. Redio alimwaga yote aliyokuwa nayo moyoni.

"Lile gazeti lililofichua mambo ya machinjio," akamalizia, "nasikia lina mahali pa kupelekea siri kwenye mtandao. Nataka kupeleka. Lakini nikijulikana, wifi, nitaungana na Winchi kule nje."

Wifi akatoa bisibisi mdomoni. "Umeshamwambia nani?"

"Wewe tu."

"Na kaka yangu?"

"Bado."

"Usimwambie."

"Mume wangu? Yule hana neno!"

"Hana neno, ila ana marafiki. Kaa hapo. Na simu yako izime uiweke kabatini."

Wifi alichomeka flashi kwenye kompyuta ndogo, akaiwasha. Alimweleza kuwa mashine inawaka kutoka kwenye flashi ile, na ikichomolewa haibaki na kumbukumbu ya walichofanya. Kisha akafungua kivinjari ambacho Redio hakuwahi kukiona.

"Hiki hakiendi moja kwa moja gazetini. Kinapitia kompyuta tatu za watu wasiojuana. Ya kwanza inaona tunakotoka, lakini haioni tunakokwenda. Ya mwisho inajua tunakokwenda, lakini haijui sisi ni nani. Ya katikati inapokea na kupokeza tu."

"Kwa hiyo hakuna anayejua yote."

"Ndiyo maana yake. Lete picha."

Redio alikuwa ameipiga picha feni kwa simu yake, mapanga yake yametanda vumbi na nyaya zinaning'inia. Aliionea fahari. Wifi alichomoa kadi ya kumbukumbu kwenye simu iliyozimwa, akaihamishia picha kwenye mashine, akabonyeza mahali, na maandishi yakatokea pembeni: aina ya simu, saa, hata mahali kiwanda kilipo.

Redio akashika kifua. "Yote hayo yamo ndani ya picha?"

"Yalikuwemo. Nimeyafuta. Lakini niambie, ulisimama wapi ukipiga?"

"Pale pale pangu, kwenye vifuniko."

"Nani mwingine husimama hapo?"

Redio akaitazama tena picha. Picha ile ilionyesha feni kutoka kwenye kona ambayo ni yeye peke yake aliyefanya kazi hapo. Wifi akaifuta picha yenyewe, pamoja na ile iliyobaki kwenye kadi ya simu. Ikabidi Redio arudi kiwandani wiki ile apige nyingine akiwa kwenye ujia wa kwenda chooni, ambao watu wote hupita.

Jumapili iliyofuata aliandika maelezo yake mwenyewe, haraka haraka, ulimi nje. Wifi alisoma mstari wa kwanza tu akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta.

"Nini?"

"'Jamani wapendwa wangu, hebu sogeeni niwaambie.' Wifi! Hata mimi nisiyefanya kazi kwenu nimekusikia sauti. Hii mashine inaficha njia tu. Haifichi mdomo wako."

"Sasa niandikeje?"

"Andika kama mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kugongea makopo. Kila alipotia utani, wifi aliufuta. Alipoandika kwamba macho ya meneja ni kama ya samaki wa juzi, wifi alifuta hilo nalo, ingawa alilicheka kwanza. Mwisho yalibaki maneno makavu: feni haifanyi kazi, viongozi wanajua, mjamzito amezirai, aliyelalamika amefukuzwa. Wakatuma. Ukurasa ukawapa maneno ya siri ya kuingilia tena wakitaka kuona jibu, na Redio akayakariri kama sala.

"Basi niko salama?"

"Salama zaidi," wifi akasema. "Mia kwa mia siwezi kukuahidi. Kilichobaki ni wewe na ulimi wako."

Mwandishi wa gazeti alijibu, akauliza maswali, wakamjibu kwa njia ile ile. Siku zile Redio alikuwa kimya hata nyumbani, mumewe akadhani anaumwa. Alimletea maji ya matunda, akamshika paji la uso, akauliza kama amemkosea. Redio alitamani kumwambia. Akanywa maji ya matunda.

Habari ilipotoka, meneja aliwakusanya wote ukumbini, gazeti limekunjwa mkononi. Alisema fundi wa mitandao amepekua intaneti ya kiwanda na atampata mtu huyo. Fundi mwenyewe, amesimama nyuma yake, alikuwa akitazama viatu vyake. Meneja alipita akiwauliza mmoja mmoja. Alipofika kwa Redio, alimpungia gazeti.

"Wewe sina haja ya kukuuliza," meneja akasema. "Ungekuwa wewe, ningesikia kabla gazeti halijachapishwa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Redio naye akacheka, machozi yakamtoka, na hakuna aliyejua ya nini.

Wakaguzi wa usalama kazini walikuja wiki ile ile. Walifunga sehemu ya kuchanganyia mpaka feni mpya ikafungwa, na ilipowashwa mara ya kwanza, aproni zote zilipepea na watu wakapiga makofi. Winchi aliitwa arudi. Akasema asante, amepata kazi bandarini na bosi wake mpya anajua kusalimia. Mama Kijacho alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Lililomuuma Redio ni dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Kila alipoulizwa kama ni yeye aliyepeleka habari, alitabasamu na kusema, "Mimi sisemi kitu," na watu wakamnunulia soda. Redio alimtazama akinywa, akajikaza kisabuni.

Mama Kijacho aliporudi kazini, alimsogelea wakati wa mapumziko. "Dada yangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi," akanong'ona. "Hali ni kama ilivyokuwa hapa. Laiti ningemjua aliyetusaidia, ningemwomba amfundishe. Unadhani kweli ni yule wa foklifti?"

Redio alitafuna mkate wake taratibu, akameza.

"Hilo silijui, mdogo wangu," akasema. "Lakini kompyuta ya dada yako haijaharibika?"

"Hana kompyuta."

"Haidhuru. Mwambie Jumapili nitampeleka kwa fundi mmoja. Asije na simu."