Bangili za Mapacha

Mwihaki hakuwa mtu wa kuhesabu shanga. Miaka tisa alikuwa akitunga mikufu na bangili katika kibanda chake karibu na soko la Kitale, na ukimwuliza bangili hii ina shanga ngapi, alikutazama kana kwamba umemwuliza idadi ya nywele zake. Alipima kwa macho na kwa kiganja, akaongeza, akapunguza, akafunga fundo. Kwenye kadi zake alikuwa ameandika: Hakuna mbili zinazofanana. Maneno hayo aliyapenda mno. Vitu vya plastiki vilivyoletwa kwa magunia kutoka Nairobi vilifanana vyote, na vilikuwa vinamnyang'anya wateja mmoja mmoja, mpaka mwaka huo akaanza kuwaza kukirudisha kibanda kwa mwenyewe na kwenda kuuza maharagwe.

Kwa hiyo usimlaumu sana kwa jinsi alivyofurahi Ngari, shemeji yake dereva wa lori, alipomletea kopo zima la mbegu kutoka pwani. Zilikuwa nyekundu za kung'aa, ndogo, ngumu, kila moja na doa jeusi upande mmoja. Mungu mwenyewe alikuwa amezipaka rangi, fundi afanye nini tena? Alikaa siku nne akizitoboa moja moja kwa drili yake ndogo, akatunga bangili kumi na moja, akazipeleka kwenye maonyesho ya wafanyabiashara wadogo mjini Bungoma. Meza yake ilijaa watu hadi majirani wakanuna. Alirudi Kitale na mbili tu, akaapa hatauza maharagwe maishani mwake.

Wiki mbili baadaye, Jumanne asubuhi, Bilha alipita kibandani. Bilha alikuwa amefundisha baiolojia miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu bado alimwangalia kila mtu kama mwanafunzi aliyechelewa. Alichukua mojawapo ya zile bangili mbili, akaisogeza kwenye miwani, kisha akaiweka chini polepole na kupangusa vidole kwa leso.

"Mwihaki, hii mbegu ulitoa wapi?"

"Pwani, Mwalimu. Si ni smati?"

"Ni sumu."

Mwihaki alicheka. Bilha hakucheka.

"Ganda lake ni gumu," alisema. "Mtoto akimeza ikiwa nzima, mara nyingi inapita tu vile iliingia. Lakini wewe umetoboa. Umefungua mlango. Mtoto akitafuna moja ya hizi, moja tu, anaweza kufa. Na si lazima uone kitu hapo hapo. Inaweza kukaa siku moja, mbili, hata tatu."

Mwihaki alivitazama vidole vyake. Drili ilikuwa imemdunga mara mbili akizitoboa. Akaogopa, lakini hofu hiyo ya nafsi yake haikukaa, kwa sababu nyingine kubwa zaidi ilikuwa inaingia. Alikuwa amemkumbuka mama wa mapacha.

Mama huyo alikuja mezani siku ya maonyesho, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akachagua bangili moja na kuomba ifupishwe imtoshe mtoto. Phelista, mwuza vikapu wa Bungoma aliyekuwa meza ya pili, alimkemea Mwihaki kwa kicheko. "Wewe! Huku pacha hawapewi kitu moja. Ukipea Mukhwana, unapea Mulongo." Hayo ndiyo majina ya mapacha huko: wa kwanza kuzaliwa Mukhwana, wa pili Mulongo. Mwihaki, ambaye babu yake alitoka Nyeri kuja kulima Trans-Nzoia na ambaye mambo ya Wabukusu aliyajua nusunusu, aliona haya. Akaifupisha bangili ya pili papo hapo, akaitoa bure, akamfungia Mulongo kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto akaipeleka moja kwa moja mdomoni. Watu wote pale mezani walicheka, na yeye Mwihaki alicheka kuliko wote.

Alifunga kibanda. Bangili saba zilikuwa zimelipiwa kwa simu, kwa hiyo majina na namba alikuwa nazo. Mteja wa kwanza, Mwihaki alimwambia kwa woga kwamba zile mbegu "zina kasoro kidogo." Mteja akajibu kwamba hajali kasoro, atavaa hivyo hivyo. Ikabidi Mwihaki alitamke neno lenyewe. Baada ya hapo aliwaambia wote bila kuzunguka: ni sumu, zichome, zisiguswe na mtoto. Mmoja kutoka Malakisi alimtukana mpaka pumzi ikamwisha. Mwihaki alimshukuru.

Lakini mama wa mapacha alilipa kwa noti. Mwihaki hakuwa na jina lake wala namba. Alimpigia Phelista.

"Huyo alisema ni wa Matulo," Phelista alisema. "Jina sijui. Matulo ni kubwa, bana. Utapita nyumba kwa nyumba mpaka lini? Peleka kwa redio. Nina mtu wangu huko, anasoma matangazo baada ya habari ya saa saba."

"Wataje jina langu?"

"Si unaweza sema tu bangili nyekundu? Usijitaje."

Tuseme kweli: Mwihaki alitamani. Alikaa juu ya kiti chake cha kazi, simu mkononi, akapiga hesabu ambayo hakuwahi kupiga. Akijitaja, jina alilolijenga miaka tisa litazikwa kabla ya saa nane. Asipojitaja, wanawake wangapi pale Bungoma wana bangili nyekundu? Na yule mama atajuaje kwamba ni yake inayosemwa, na si takataka ya mtu mwingine? Alimwona Mulongo akiupeleka mkono mdomoni, akautoa, akaurudisha.

"Wataje," alisema. "Mwihaki wa shanga, wa Kitale. Waseme nilikuwa meza ya karibu na lango. Waseme nilimpa mtoto wa pili bure."

Tangazo lilisomwa kwa Kiswahili, kisha kwa Kibukusu, pamoja na namba yake. Saa saba na nusu simu yake ilikuwa haishikiki. Watu asiowajua walimwita mchawi, wengine waliuliza kama hirizi hizo bado zinauzwa. Mwenye duka la zawadi aliyekuwa akichukua mikufu yake kila mwezi aliandika maneno mawili: "Njoo uichukue." Mwihaki alijibu kila simu, hata ya matusi, kwa sababu moja kati ya hizo ingeweza kuwa ya mama wa mapacha.

Saa nane kasoro alipiga mwanamume aliyesema polepole. "Mimi naitwa Jotham, wa Matulo. Bibi yangu Nakhungu ako na hizo bangili. Sasa madam, huyu Mulongo ameamka na joto. Na hataki kunyonya."

Mwihaki alisimama. "Wavue bangili sasa hivi. Wapeleke hospitali kubwa ya Bungoma, wote wawili, na mbebe bangili. Mimi nakuja."

Njiani hakukumbuka kitu isipokuwa soko la Kamukuywa, kwa kuwa hapo ndipo simu ya Jotham ilipoacha kupatikana. Alipiga mara kumi na mbili. Kila mara yule mwanamke wa mtambo alimjibu kwa adabu kwamba mteja hapatikani, na kila mara Mwihaki alijua kabisa, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba mtoto ameshakufa.

Hakuwa amekufa. Ni chaji iliyoisha. Aliwakuta katika chumba cha daktari: Nakhungu, mama wa mapacha, msichana wa miaka ishirini na kidogo, macho makavu, Jotham akiwa amemshika Mukhwana, na bibi wa watoto, mama yake Jotham, ambaye wote walimwita kukhu. Mulongo alikuwa amelala kitandani, uso ukiwaka. Daktari, kijana aliyeitwa Rotich, alikuwa ameziweka bangili mbili juu ya kipande cha karatasi na kuzihesabu kwa ncha ya kalamu.

"Ya Mukhwana iko na mbegu kumi na sita," alisema. "Ya Mulongo kumi na tano. Na hii ya Mulongo imefungwa upya."

"Irikatika Jumapiri," kukhu alisema. "Ilimwagika kwa mkeka. Mimi nirikusanya yote, nikafunga na uzi ya nguo."

"Ulikusanya zote? Una hakika?"

Kukhu aliutazama ule uzi wa nguo, akaanza kuikunja leso yake.

Dakta Rotich akamgeukia Mwihaki. "Wewe ndiye ulitengeneza. Zilikuwa sawa, ama hazikuwa? Hii joto inaweza kuwa ni meno, inaweza kuwa malaria, tutapima. Lakini kama kuna mbegu moja imepotea, huyu mtoto hatoki hapa siku tatu, na namtafutia nafasi hospitali ya rufaa Eldoret sasa hivi. Kwa hivyo niambie. Zilikuwa ngapi?"

Chumba kizima kilimtazama. Na hapo ndipo hofu ilipomwonyesha uso wake wa kweli, kwa sababu jibu zuri lilikuwa limekaa ulimini, tayari. Hazikuwa sawa, daktari. Kazi yangu hazifanani, hata kadi yangu inasema hivyo. Lingeweza kuwa kweli kabisa! Kukhu angepumua, Jotham asingeuza ndama kwa ajili ya Eldoret, na redio ingesema kesho kwamba ilikuwa homa ya meno tu. Alijaribu kuiona siku ile ya maonyesho, mkasi, uzi, mbegu alizopunguza. Alipunguza tano? Sita? Alikuwa akicheka na watu. Vidole vyake vilifanya vyenyewe, na yeye hakuwapo.

"Ulitunga ngapi?" Nakhungu aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Si ni mkono yako? Nani mwingine atajua?"

"Sijui," Mwihaki alisema. Machozi yalimtoka, akayaona ya aibu, akayafuta. "Huwa sihesabu. Nilipunguza kwa macho. Dakta, fanya kama amekula."

Kukhu alimrukia kwa maneno ya Kibukusu ambayo hayakuhitaji mkalimani. Jotham alimtoa Mwihaki nje kwa mkono, si kwa ukali, akamwambia, "Madam, mama hataki kukuona. Kaa mbali kidogo."

Akakaa mbali kidogo, kwenye benchi la nje, siku tatu. Mulongo alinyweshwa mkaa wa dawa na kutundikiwa maji. Eldoret walisema nafasi hakuna, wamwangalie hapo hapo. Kipimo cha malaria kilitoka safi, na badala ya kumfurahisha mtu kiliwatia hofu zaidi, maana malaria ina dawa na hii haina. Jumatano mtoto alitapika. Jotham alikuja kumwambia Mwihaki, akasimama, akaondoka bila kuketi. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa Mwihaki alisimama. Kila mwanamke alipolia ndani alijua ni Nakhungu. Dada yake Mary Ann alipiga kutoka Kitale kusema kwamba watu wanakuja kupiga kibanda picha. Alimwambia ashushe bango la kibanda, aliweke chini ya kitanda, au alichome, yote sawa. Hakuwa na nafasi ya kuomboleza biashara. Aliomba jambo moja tu, kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, kwa maneno yoyote yaliyokuja, na hakuthubutu kumwahidi Mungu kitu chochote kwa kuwa mikono ndiyo pekee aliyokuwa nayo ya kutoa, na mikono ndiyo iliyofanya haya.

Alhamisi joto lilishuka. Daktari alisema siku tatu hazijaisha.

Ijumaa saa nne Nakhungu alitoka wodini. Mulongo alikuwa kifuani, Mukhwana mgongoni, mfuko wa nguo begani, na jino jipya jeupe likionekana kwenye ufizi wa Mulongo alipopiga mwayo. Kukhu na Jotham walikuwa bado kwenye dirisha la karatasi za kutokea. Nakhungu alitembea mpaka kwenye benchi, akasimama mbele ya Mwihaki, akapumua.

"Daktari amesema twende nyumbani," alisema. "Amesema damu yake iko sawa, maini iko sawa. Hatajua kama alikula ama hakukula. Hakuna mtu atajua."

Mwihaki alisogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Mshike huyu," Nakhungu alisema, akimfungua Mulongo kifuani. "Mgongo yangu inakufa."

Mwihaki alisita. Hakuwa na hakika kama mikono yake ilikuwa na haki ya kumshika. Lakini mama alikwisha kumwachia, ikabidi ampokee. Mtoto alikuwa mzito, wa moto kiasi cha kawaida tu, akinuka maziwa na dawa. Akamtazama Mwihaki kwa makini, akatabasamu kwa lile jino moja, akaunyakua mkufu wa shanga za kioo uliokuwa shingoni mwake na kuupeleka mdomoni.

Mwihaki alipiga yowe. Alilipiga mpaka wauguzi wakatoka mbio na kukhu akaziangusha karatasi dirishani. Aliukata mkufu kwa mkono mmoja, shanga zikatawanyika kwenye saruji, akatia kidole kinywani mwa mtoto na kukizungusha, huku na huku, chini ya ulimi, kwenye mashavu, na hata alipokuta kinywa kitupu hakuweza kukitoa kidole. Mulongo naye akalia kwa nguvu za mtoto mzima kabisa.

Nakhungu hakukimbia wala hakumnyang'anya. Alimwacha atafute. Halafu akaketi kwenye benchi karibu naye, akaushika ule mkono wenye kidole kinywani mwa mwanawe, akautoa taratibu.

"Mimi hufanya hivyo kila nikiamka," alisema.

Wakakaa hapo wote wawili wakimbembeleza Mulongo mpaka Jotham alipokuja na karatasi.