Mikwaruzo kwenye Jiwe Jeupe

Mkwaruzo ulikuwa palepale. Gwantwa aliliinua jiwe hadi usawa wa dirisha, akalilaza kidogo ili mwanga ulipige ubavuni, na mstari ukajitokeza, mwembamba kama unywele, ukikatiza mng'ao wote alioutafuta tangu asubuhi. Pembeni yake kulikuwa na mwingine, na chini yake mwingine tena.

"Limekuchapa?" aliuliza Fundi Yesaya kutoka upande wa pili wa nailoni iliyotundikwa kugawa karakana.

"Limenichapa, fundi."

"Basi nirushie mimi nilifanye jiwe la kaburi. Marehemu hawakagui mikwaruzo."

Gwantwa alicheka kwa adabu. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo, na Fundi Yesaya, mchonga mawe ya makaburi na meza za jikoni pale Tunduma, alikuwa amempa kona moja ya karakana yake afanyie utafiti. Swali la utafiti lilikuwa rahisi kulitamka: je, marumaru nyeupe ya mkoa wao, ikisagwa na kung'arishwa kwa mkono, inaweza kung'aa sawa na ile inayoletwa kwa malori kutoka nje?

Kazi yenyewe haikuwa rahisi hata kidogo. Unaanza na msasa mkali na maji. Unasaga upande mmoja, unaligeuza jiwe robo mzunguko, unasaga mpaka mistari ya mwanzo ifutwe na mistari mipya. Unaosha jiwe, unaosha beseni, unaosha mikono hadi kwenye kucha, ndipo unashika msasa laini zaidi. Mwisho kabisa unaweka unga wa kung'arishia juu ya kitambaa kizito na kusugua taratibu, mpaka uone uso wako. Gwantwa uso wake aliuona, ila kila mara ulikuwa umechorwachorwa.

Na kesho Dkt. Nsajigwa, msimamizi wake, angekuja kukagua. Alikwisha kumwongezea muda mara moja. Safari hii alitaka jiwe moja tu lililo safi. Likikosekana, Gwantwa angerudia mwaka.

Alikuwa ameshuku kila kitu. Alibadilisha duka la misasa. Akaacha maji ya bomba, akaanza kuchemsha na kuchuja. Mwishowe akaishuku mashine ya Fundi Yesaya na vumbi lake, na kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kumwambia mtu mzima asogee ndani ya karakana yake mwenyewe, alitundika nailoni kimyakimya siku fundi alipokwenda msibani. Fundi alirudi, akaitazama, akasema, "Haya. Nimelazwa wodi gani?" Hakuitoa. Lakini tangu hapo chai yake ya saa nne alikuwa anakunywa nje.

Na mikwaruzo haikupungua.

Mchana huo Gwantwa aliamua kubadili kitambaa. Alikuwa na viwili. Kimoja kikiwa kazini, kingine kilipumzika nyumbani, ndani ya kopo lenye mfuniko, chini ya kitanda. Hivyo ndivyo walivyofundishwa: kitambaa cha kung'arishia kikishatumika, kisuuzwe kwa maji safi na kifungiwe mbali na vumbi. Akafunga karakana upande wake, akatembea hadi kwa mama yake mkubwa, alikokuwa akiishi.

Mama mkubwa Atuganile alikuwa dada wa mama yake. Alitoka milima ya Ileje akaolewa Tunduma, na nyumba yake ilitazama barabara ambapo malori hupanga foleni kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Alimpenda Gwantwa kwa kelele. "Utafiti wetu unaendeleaje?" ndiyo ilikuwa salamu yake ya jioni, na Jumapili iliyopita alisimama kanisani wakati wa mahitaji ya maombi akaliombea jiwe.

Gwantwa alipokata kona, lori moja liliondoka kwenye foleni likifuatwa na wingu jekundu. Wingu lilitanda juu ya uzio wa mama mkubwa, likatua polepole juu ya mashuka, juu ya vitenge, na juu ya kitambaa kimoja kizito cheupe kilichobanwa vizuri kwa vibanio viwili.

Alisimama. Akakumbuka jinsi vitambaa vile vilivyokuwa vikitoka kwenye kopo vikiwa vikavu, wakati alivifungia vibichi. Akakumbuka ile harufu ya sabuni ya mche aliyodhani ni ya nguo zake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba! Mbona mapema?" Mama mkubwa aliinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage, kisha akafuata macho ya binti hadi kwenye uzio, akatabasamu kama mtu aliyekamatwa akitenda jema. "Ah, leo umenifuma. Vitambaa vyako mimi ndiye ninayevifua. Vinatoka huko na matope, nami nasema, mtoto anachoka, kunawa tu hana nguvu, nitamwacha afanyie usomi na uchafu? Nakifikicha mpaka maji yatoke meupe. Kikikauka nakipiga pasi."

"Pasi ya mkaa?"

"Kwani tuna nyingine?"

Maneno yalimjaa Gwantwa mdomoni. Yalikuwa mengi na yote yalikuwa ya kweli: kwamba vumbi la barabara ni gumu kuliko marumaru, kwamba punje moja inatosha, kwamba wiki zake zote zimeishia kwenye uzio huu. Akamtazama mama mkubwa mikono, iliyokwaruzwa na sabuni.

"Asante, mama mkubwa," alisema, akaanua kitambaa.

Njia nzima alijichukia. Karakanani alikisuuza kwa maji yaliyochujwa, tena na tena, akakikung'uta, akasugua jiwe la mwisho hadi mabega yakafa ganzi. Mistari ikajitokeza ileile. Alilifunika jiwe kwa gazeti asilione.

Asubuhi Dkt. Nsajigwa alifika akiwa na haraka ya kwenda Chitete. Alilishika jiwe, akatoa lensi yake mfukoni, akaguna.

"Unajua chanzo?"

"Ndiyo, Dokta. Vumbi. Kitambaa kilifuliwa kikaanikwa nje."

"Nani alikianika?"

"Mimi."

Nyuma ya nailoni mashine ya Fundi Yesaya ilinyamaza.

"Wewe," alisema Dkt. Nsajigwa taratibu. "Nililokufundisha siku ya kwanza kabisa. Sasa nikuongezee muda ili ufanye nini? Uanike tena?"

"Mwongo huyo!"

Mama mkubwa alikuwa mlangoni, chupa ya chai mkono mmoja na bakuli la mihogo mkono mwingine, kitenge cha kutokea kimefungwa vizuri kwa ajili ya mgeni. "Mwalimu, asikudanganye. Nimefua mimi, nimeanika mimi. Yeye hata hakujua mpaka jana."

Dkt. Nsajigwa aliwatazama wote wawili, kisha akaongea na Gwantwa peke yake. "Jiwe baya ninaweza kulipokea, tukajua kosa liko wapi. Jibu la uongo nitalipeleka wapi? Ningeandika kwamba hujui kazi, na ingekuwa si kweli." Akavua miwani, akaifuta. "Umebakiwa na kitambaa chochote ambacho hakijafuliwa?"

"Kipande nilichopunguza wakati nakata. Nilikifunga kwenye mfuko wa plastiki, sijakifungua tena. Lakini ni kidogo, kama kiganja."

"Basi utasugua sana. Kesho nikirudi kutoka Chitete napita hapa. Nikikuta mstari, usiniambie kitu."

Gari lilipoondoka, mama mkubwa alibaki amesimama na mihogo yake.

"Jana ungeniambia."

"Niliogopa ungejisikia vibaya, mama mkubwa."

"Na sasa je, najisikia vizuri?"

Gwantwa alimpokea chupa ya chai. Fundi Yesaya akachungulia, akachukua muhogo bila kukaribishwa. "Mwenzio, mimi nimelazwa huku bila kosa," alimwambia mama mkubwa, na Gwantwa akainamisha kichwa.

"Nisamehe, fundi. Nailoni nitaitoa."

"Iache. Mashine nazima mpaka kesho. Umalize, unipishe."

Mistari ilikuwa imezama. Kung'arisha tu kusingeifuta. Gwantwa alirudi nyuma kabisa, kwenye msasa mkali. Alimwaga maji, akalaza jiwe, akasukuma, na ule mng'ao mdogo uliokuwepo ukafa papo hapo, ukawa weupe butu kama unga wa dona. Nusura alie.

Mama mkubwa alivuta kigoda, akakaa mbali na beseni, akaificha mikono yake yote miwili ndani ya kitenge.

"Sasa?" aliuliza baada ya muda.

"Bado, mama mkubwa."

Akaligeuza jiwe robo mzunguko, akaanza upya.