Disketi Aliyozikwa Nayo Papa Urbain

Mzee wetu Papa Urbain alikuwa mtunzaji wa kompyuta ya parokia, na disketi ya kuiamshia alikuwa haachani nayo. Jioni aliipeleka nyumbani ndani ya kopo la maziwa ya unga, asubuhi akarudi nayo, na Jumapili kopo lilikaa naye kwenye benchi la kanisa. Malaria ilipomchukua, ukoo wake ulifanya kama unavyofanya siku zote: mtu huzikwa na kitu alichokipenda, asije akarudi kukitafuta. Kopo likatiwa chini ya mkono wake, sanduku likapigiliwa misumari, na sisi watu wa biro, yaani ofisi ya parokia, tulisimama palepale tukiimba kwa sauti nzuri kabisa. Hakuna aliyekumbusha kwamba disketi ilikuwa humo. Hasira ninayo mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Haukupita muda, umeme ukakatika ghafla, kama ulivyozoea katika Zaire yetu ile, kisha ukarudi kwa kishindo. Nikawasha mashine. Kioo kikabaki cheusi, chenye mstari mmoja wa Kifaransa: weka disketi ya mfumo. Zamani ilipoleta kiburi hicho Papa Urbain aliitilia disketi yake, ikakohoa kidogo, ikaamka. Sasa dawa yake ilikuwa makaburini.

Barua za parokia zingeandikwa kwa mkono, hilo halikunisumbua. Kilichonikosesha usingizi ni kamusi ya Papa Théophile. Mwalimu huyo mstaafu, Mholoholo, alitembea vijiji vya kando ya ziwa miaka na miaka akiokota maneno ya lugha yake kwa wazee, kwa kuwa wajukuu wake mwenyewe walikuwa wakimjibu kwa Kiswahili. Macho yalipoanza kufa aliniletea vikaratasi vyake, mimi Florentine, mpiga chapa wa parokia, niviingize kwenye mashine. Kila nilichomaliza kilikwenda kwa mama muuza karanga pale mlangoni, akafungia karanga zake, maana karatasi zilikuwa adimu na Papa Urbain alituapia kwamba mashine haisahau. Kuichapa kamusi yenyewe kwenye karatasi hatukuweza. Utepe wa wino uliisha, na Kalemie nzima haukupatikana mwingine.

Papa Théophile, sasa kipofu kabisa, alinishika mkono tukaenda kwa mjane wa Papa Urbain, Mama Monique. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Munataka nimufukue bwana yangu juu ya kiplastiki?" akauliza.

"Samahani, Mama," Papa Théophile akasema.

"Na mvua hii yote, munazani iko nzima? Murudie kwenu. Musinilize mara ya pili."

Alikuwa na haki. Tulirudi, mimi nikimwelekeza mzee pa kukanyaga, na machozi yananitoka bila yeye kujua.

Ndipo tukaambiwa kuhusu Apollinaire, fundi wa redio, ambaye alinunua Kigoma disketi za kutengeneza mashine upya. Alikuja na shati lililopigwa pasi na maneno mengi. Biro ikajaa watu. Papa Théophile tulimpa kiti cha mbele, ingawa hakuwa na la kuona.

Disketi zilikuwa za Kiingereza. Kioo kikaandika mistari mirefu, kikasimama, kikingoja jibu.

"Inasema nini?" nikauliza.

"Iko inauliza kama tuko tayari."

"Maneno yote hayo, kuuliza tu kama tuko tayari?"

"Mama Florentine, mashine za Wangereza zinasema mingi. Y njo neno lao la ndiyo. Mara zote wanabonyeza Y."

Mimi Kiingereza sikijui, yeye hakijui, na chumbani hapakuwa na anayekijua. Nilimtazama tu. Akabonyeza. Namba zikaanza kupanda taratibu kwenye kioo, na watu wakazihesabu kwa sauti kama wanaohesabu magoli. Zilipofika mia wakapiga makofi. Apollinaire akabadilisha disketi, akaweka hii, akatoa ile, na mwishowe mashine ikaamka, safi, bila kukohoa.

"Ufungue, mwanangu," Papa Théophile akaniambia. Alikuwa anacheka.

Nikatafuta kamusi. Nikatafuta tena. Ndani ya mashine mlikuwa na vitu vya Apollinaire tu. Fundi akasogea, akatazama, jasho likamtoka kwenye lile shati lake. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, bila kuaga.

"Haimo, Papa," nikasema. "Imefuta yote."

Papa Théophile akavuta kiti karibu na meza.

"Basi uandike. Tuanze."

Nikaandika. Alinipa neno la kwanza, la pili, la tatu, akiyasema polepole, herufi kwa herufi kama tulivyozoea. Halafu midomo ikacheza, hakikutoka kitu.

"Lile neno la mama mumoja wa kule kijijini Tembwe," akasema. "La harufu inayobakia mikononi kisha kupasua samaki. Yeye amekufa. Lilikuwa je?"

Akanigeuzia uso.

"Si wewe njo uliliandika, Florentine? Vidole vyako wewe."

Ni kweli, niliyaandika yote, tangu la kwanza hadi la mwisho. Lakini mimi ni Muluba wa Nyunzu, Kiholoholo sikijui. Nilifuata herufi tu.

"Sijui, Papa," nikamwambia.

"Ujaribu," akasema.