Mabao ya Baada ya Dakika ya Sabini

Mechi kumi na nne: tumeshinda mbili, sare tatu, tumefungwa tisa. Mkuu wa chuo alitaka tathmini ya msimu mezani kwake saa nne asubuhi, na kila mtu alijua anatafuta sababu ya kuivunja timu ya wanaume. Mimi ndiye kocha, na sikuwa tayari kumshikia jembe la kuichimbia timu kaburi.

Tathmini niliiandikia jikoni mwa chuo, kwa dada yangu mpishi mkuu, maana ndiko kwenye chai. Nikaanza na waamuzi. Nikafuata uwanja wenye mteremko. Dada akalivuta daftari langu la mechi kwa mkono wenye unga.

"Hapa dakika ya sitini mnaongoza," akasema. "Hapa tena. Hapa tena. Halafu mnafungwa. Mabao ishirini na sita, kumi na tisa baada ya dakika ya sabini. Hao watoto wanakula saa ngapi?"

"Mchana, kama wengine."

"Wengine wanakula saa saba. Mechi zako saa tisa. Saa sita umeshawafungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, unawahutubia! Nami msimu mzima nabakiwa na sahani ishirini nikidhani unawalisha kwingine. Mdogo wangu, umewashindisha njaa kwa maneno."

Nilitaka kubisha. Hotuba zangu nilikuwa najivunia. Lakini nilimkumbuka beki wangu wa kati dakika ya themanini, ameshika magoti, nami namfokea kuwa ni mvivu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikachana ukurasa, nikaanza upya.

Saa nne nilikuwa mbele ya mkuu pamoja na nahodha wetu, kipa wa mwaka wa pili. Kwenye "Sababu za kushindwa" mkuu alikuta neno moja: Kocha. Nikamweleza habari ya sahani.

"Basi nivunje timu au nikufukuze wewe?" akauliza, akinisogezea fomu ya kuvunja timu niisaini.

"Nifukuze ukitaka. Timu huivunji! Vijana wanaoongoza mechi tisa mpaka dakika ya sitini na tumbo tupu si timu mbovu. Tisa kati ya kumi na mmoja wanabaki mwakani. Wape chakula saa tano, halafu uje uhesabu mabao. Hiyo fomu ya kuvunja timu siisaini, hata unishike mkono."

Nilikuwa nimepaza sauti. Katibu wake alichungulia mlangoni. Achungulie.

Mkuu aliikunja fomu, akaitia kwenye droo. Hakuichana. "Msimu mmoja," akasema. "Na hotuba je?"

"Dakika kumi," nikajibu.

Nahodha alikohoa. Msimu mzima kijana huyu alikuwa akiniitikia kwa kuinamisha kichwa. Sasa alinitazama machoni.

"Tano, mwalimu," akasema. "Na tukishakula."